Waya Mwembamba

Damu ikikaukia kwenye vumbi la mbao haionekani tena kuwa damu. Huonekana kama vanishi iliyomwagika, na mtu asiyejua angeweza kuikanyaga bila hata kusema samahani. Inspekta alijua. Aliizunguka, akasimama upande wa pili wa mashine, akapaangalia tena mahali alipoangukia Mzee Kerezo.

Kituoni walimwita Sindano. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, na askari walisema hakuna alichokigusa kisitoe damu. Mbele yake, bila shaka, walimwita afande. Leo alikuja karakanani na watu wawili. Mmoja ni Sajini wake, ambaye alikwishaichoka kesi hii kwa kuwa aliamini imekwisha. Wa pili ni mkaguzi wa mitambo kutoka ofisi ya kazi, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, aliyekuja na begi zito la vyombo na kukataa katakata kusaidiwa kulibeba.

"Nielezeni kama mtu asiyejua lolote," Mkaguzi alisema.

"Marehemu alikuwa fundi wa kukereza mbao," Inspekta alimwambia. "Miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, mabakuli. Asubuhi ile alifunga gogo hapa, akawasha. Mkewe alikuwa jikoni. Anasema mashine ilianza kama siku zote, kisha ikapiga yowe, kisha kishindo. Alipofika gogo lilikuwa limepasuka vipande viwili. Kimoja kilitoka na bati la paa." Alinyoosha kidole juu, kwenye tundu lililoingiza mwanga mkali. "Cha pili kilimpata mzee hapa." Akagusa paji la uso wake.

"Na ndani mmemweka nani?"

"Mpwa wake," Sajini alidakia. "Kijana mmoja wanamwita Fyuzi. Tangu utotoni alikuwa akichezea umeme mpaka mtaa mzima unalala gizani. Amelelewa humu humu, mama yake alifariki mapema. Mashine hii ni kazi ya mikono yake. Afande, mwonyeshe skrubu."

Mashine yenyewe ilikuwa kiunzi cha chuma cha zamani, cha enzi za kukanyaga kwa mguu. Fyuzi aliondoa kanyagio, akafunga mota aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia nguo, akaiunganisha kwa mkanda wa mpira. Ukutani, nyuma ya mahali panapofungwa gogo, alipigilia kisanduku cheusi chenye swichi na reguleta ya kuzungusha kwa vidole: kushoto mashine inatembea, kulia inakimbia. Pembeni mwa kisanduku kulikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu skrubu ya shaba.

"Skrubu hii ndiyo kikomo," Sajini alieleza, kwa fahari ya mtu aliyefundishwa jana. "Ukiirudisha nyuma, hata uzungushe reguleta mpaka mwisho, mashine haikimbii. Fyuzi aliirudisha kimyakimya. Mzee akagundua mbele ya wateja, ikawa aibu. Akamwambia, 'Umenifunga kamba kama mbuzi.' Kijana naye akajibu, na mtaa mzima ulisikia, 'Siku moja mashine hii itakuua.' Haya. Mzee amekufa, skrubu imezungushwa mpaka mwisho, na mikwaruzo bado inang'aa. Nani mwingine alijua kwamba kuna skrubu?"

Mkaguzi alivaa miwani, akachungulia kwenye lile tundu kwa tochi. Kisha akaanza kupekua meza ya kazi, akiinua chombo kimoja kimoja na kukirudisha pale pale kilipokuwa. Alisimama kwenye kisu kidogo cha kuchongea, akakigeuza kwenye mwanga.

"Bisibisi haiachi mikwaruzo ya namna ile," alisema. "Ile ni ya ncha ya kisu. Na ncha ya hiki imepinda, ina chembe za shaba. Kisu cha nani?"

"Cha mzee," alijibu Inspekta.

"Basi mzee alijirudishia mwendo wake mwenyewe."

"Au Fyuzi alitumia kisu cha mzee," Sajini alisema.

"Hata kama. Skrubu ikiwa mwisho, mota inakwenda mwendo ambao aliyeijenga aliona unafaa kwa mbao nyembamba. Kwa gogo nene ni mwendo mkali, ungetikisa mashine, labda ungelichomoa gogo. Lingemgonga. Lakini lisingepasuka katikati na kutoboa bati." Alivua miwani. "Hapa palikuwa na mwendo mwingine, na haukutoka kwenye skrubu. Nyuma ya mota pana nini?"

Nyuma ya mota palikuwa na kifuniko cha bati cha kuzuia vumbi la mbao, kimeshikwa na nati mbili zenye masikio, za kufungua kwa mkono. Askari waliokuja siku ya kwanza hawakukigusa. Inspekta alivaa glovu, akapiga goti na kuzifungua mwenyewe. Kifuniko kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Kilimponyoka, ukingo wake ukapasua glovu na kidole cha shahada pamoja. Alinyonya meno, akaizuia damu kwa karatasi laini, akaendelea kutazama.

Kutoka kitakoni mwa mota zilitoka nyaya. Mbili nene zilikuwa mahali pake. Mbili nyingine, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, zilikuwa zimeshikana kwenye kiunganishi kimoja cha plastiki, na kiunganishi hicho kilikuwa kimechomolewa. Kilining'inia. Ncha yake ilikuwa imefungwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, imezungushwa kwa utulivu bila kukunjamana, na pembe zake zimekatwa mviringo kwa mkasi.

"Kama kidole cha mtoto," Sajini alisema bila kukusudia.

Mkaguzi hakucheka. "Hakuna atakayegusa kitu mpaka mpige picha," alisema. Walipokwisha kupiga, Inspekta aliibandua plasta kwa kibanio, akaitia kwenye mfuko wa nailoni. Mkaguzi akamvuta karibu na kisanduku.

"Sikiliza, afande. Kisanduku hiki si kama reguleta ya feni. Ya feni inapunguza umeme tu, feni ikizidiwa shauri yake. Hiki kinasikia. Fundi anakiambia, nataka mwendo huu. Kinapeleka umeme, kisha kinatega sikio. Kitakoni mwa mota kuna kisumaku kinachozunguka nayo, na habari ya mzunguko inapita kwenye nyaya hizi nyembamba. Mti mgumu ukiikaba mota, kisanduku kinasikia, kinaongeza. Mota ikipitiliza, kinapunguza. Ndiyo maana mafundi wanaipenda. Mkono wa mtu hauwezi kurekebisha upesi hivyo."

"Na nyaya hizi zikitoka?"

"Kinakuwa kiziwi. Hakisikii mota, kinaamini imesimama. Kinaongeza umeme. Kimya. Kinaongeza tena. Kimya. Kinaongeza mpaka pale ambapo hakina tena cha kuongeza."

Aliondoa mkanda ili mota izunguke peke yake, akarudisha kiunganishi, akazungusha reguleta robo. Mota ikaunguruma kwa upole, kama cherehani chumba cha pili. Akazima. Akachomoa kiunganishi, akawaambia warudi mlangoni, na reguleta ikiwa pale pale kwenye robo, akawasha.

Kwa pumzi moja ilikuwa ile ile cherehani. Kisha sauti ikaanza kupanda, ikapanda, ikawa yowe jembamba linaloingia kwenye meno, na vyombo vikaanza kucheza juu ya meza. Mkaguzi aling'oa plagi ukutani. Mota ilichukua muda mrefu kunyamaza.

"Sasa fikirieni gogo juu yake," alisema.

Inspekta alikuwa akiangalia swichi ya kisanduku, pale ukutani nyuma ya gogo. Ili mtu aifikie, ilimpasa ainame mbele ya kile kinachozunguka.

"Hakuwa amesimama kushangaa," alisema. "Alikuwa anaizima."

Sajini alikohoa. "Kwa hiyo aliyechomoa ni mtu anayejua. Mtu wa kawaida anaamini ukitoa waya kitu kinazima, si kinapaa. Afande, tumerudi kwa Fyuzi."

"Tumerudi kwa Fyuzi," Inspekta alikubali. "Lakini muuaji gani huyo anayefunga ncha ya waya plasta?"

Nje, ng'ambo ya uwanja, mchomeleaji wa mageti anayeitwa Cheche alikuwa ameketi juu ya mtungi wa gesi, akijifanya anasafisha miwani yake ya kazi. Tangu walipoingia alikuwa akiisafisha.

"Fyuzi ulimwona hapa asubuhi ile?" Inspekta alimuuliza.

"Fyuzi? Hajakanyaga uwanja huu tangu wagombane. Funguo alimtupia mzee miguuni, mimi ndiye niliyeziokota. Watu wawili wenye kichwa kimoja wale, kigumu." Alitikisa chake. "Mzee tulimwambia, punguza, ngoma ikilia sana hupasuka. Anakwambia, mimi nimezaliwa na mashine hii."

"Kabla ya mzee kuingia, nani mwingine aliingia karakana?"

"Nani aingie? Mama alikuja kufagia, kama kila siku. Basi."

Inspekta alimshukuru. Ndani ya gari Sajini, aliyemzoea, hakuwasha redio.

Fyuzi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa kijana mkavu, ncha za vidole zimebabuka kwa risasi ya kulehemu. Tangu akamatwe alikuwa amejibu kila swali kwa hasira ya mtu asiye na hatia, au ya mtu anayejua namna asiye na hatia anavyokasirika. Inspekta hakuwa ameamua bado.

"Sikugusa skrubu," alianza kabla hajaketi. "Nimesema nitasema tena. Niliirudisha nyuma kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Ningeiongeza vipi tena?"

"Skrubu tumeachana nayo," alisema Inspekta. "Kisanduku kilikuwa hakisikii."

Macho ya kijana yalikwenda pembeni, kama ya mtu anayetafuta kitu kwenye rafu anayoifahamu. "Nyaya za nyuma," alisema polepole. "Zimechomoka. Mtikisiko. Nilitaka kuzifungia kishikizo, nikafukuzwa kabla ya..."

"Hazikuchomoka. Zimechomolewa na mtu, akazifunga." Inspekta aliweka mfuko wa nailoni mezani. "Kwa hii."

Fyuzi aliinama kuitazama plasta. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama kitu kidogo hivyo. Alipoinua uso, hasira yote ilikuwa imetoka, na badala yake hapakuwa na kitu.

"Ni mimi," alisema.

Sajini, aliyekuwa ameegemea mlango, alisimama wima.

"Sema tena," Inspekta alimwambia.

"Ni mimi nilichomoa. Andikeni, nitie sahihi."

"Uliingiaje?"

"Nilikuwa na ufunguo mwingine."

"Uko wapi?"

"Nimeutupa."

"Kwa nini ukafunga ncha?"

"Ili isimpige shoti mtu."

"Unamwekea mtu mtego wa kumuua, halafu unachelea asipigwe shoti?"

Fyuzi alitazama mikono yake.

"Plasta uliitoa wapi?"

"Dukani."

"Sanduku lako limejaa tepu nyeusi ya umeme. Fundi ana tepu kwenye vidole, anakwenda dukani kununua plasta ya vidonda?"

"Afande, si mlitaka nikubali? Nimekubali. Mnataka nini tena?" Kisha akashusha sauti. "Nina ombi moja tu. Mkienda nyumbani kwa mama, mke wa mjomba, msimwambie habari ya waya. Mwambieni ni skrubu. Waya ni mambo ya ufundi, atachanganyikiwa bure."

Inspekta alimtazama. Kisha akauchukua mfuko, akatoka.

Kwenye ukumbi Sajini alimfuata akisugua viganja. "Amekubali, afande. Mwenyewe!"

"Amekubali upesi mno. Umemtisha siku zote hizi na hakutikisika. Leo ameona kipande cha plasta kisichozidi kidole gumba, akajifunga mwenyewe. Huyu hakukubali kwa ajili yetu."

"Kwa ajili ya nani basi?"

Inspekta alikuwa tayari ameshika ufunguo wa gari.

Majirani waliokuja kumliwaza mjane walipoona gari la polisi wakakumbuka, wote kwa pamoja, kwamba wana shughuli majumbani. Walibaki wawili sebuleni, Inspekta na mjane, na Sajini barazani. Mjane alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye mikono isiyotulia. Zamani alikuwa mhudumu wa wodi, na bado alikuwa na ule mtazamo wa kumkagua mtu kutoka kichwani mpaka miguuni kabla ya kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kidole kimefanya nini?"

Inspekta alikuwa amekisahau. Karatasi ilikuwa imelowa damu yote. "Bati limenichana. Si kitu."

"Si kitu, si kitu. Wote husema hivyo mpaka kioze." Mjane alikwishainuka. Alirudi na bakuli la maji ya chumvi, pamba, rola ya plasta na mkasi mdogo. Aliketi karibu, akauchukua mkono wa Inspekta bila kuomba ruhusa, akauosha. Alikata kipande cha plasta. Kabla ya kukibandika alikigeuza baina ya vidole na kukizungusha kwenye mkasi, pembe moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa mviringo.

"Kwa nini unakata pembe?" Inspekta aliuliza. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida.

"Pembe kali hubanduka. Zinashika nguo, zinashika vumbi. Marehemu hakukosa kidonda kidoleni hata siku moja. Ukimbandikia hivi hivi, kabla ya chakula cha mchana imeshatoka. Ukikata pembe inakaa." Alikibonyeza kidole kwa upole. "Haya. Hii utaoga nayo."

Inspekta aliuacha mkono wake pale ulipokuwa kwa muda. Kisha, kwa mkono wa pili, alitoa mfuko wa nailoni, akauweka mezani karibu na mkasi.

Mjane aliutazama. Hakushtuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa kitu alichokisahau kwa jirani.

"Hii mmeitoa kwenye ule waya," alisema.

"Mama, kabla hujaendelea, ni wajibu wangu kukwambia. Si lazima useme, na utakalosema linaweza kupelekwa mahakamani."

"Lipelekwe. Si siri, ni upuuzi tu wa mwanamke mzima." Alikunja mikono mapajani, ikakunjuka yenyewe. "Mume wangu alikuwa anaingiwa na giza machoni. Mara mbili ameanguka bafuni. Daktari alimwambia mashine basi. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata Fyuzi. Nilimsihi mpaka ulimi ukaota sugu. Unajua alinijibu nini? 'Nikiacha kukereza nitakuwa nani humu ndani? Nitakuwa kiti?'"

"Ukaamua kuiharibu mashine."

"Kuiharibu? Ningeiharibu angeniua!" Alisikia neno alilolisema, akaziba mdomo, kisha akaendelea taratibu. "Nilitaka igome tu. Asubuhi nilipokwenda kufagia nikafungua kile kifuniko. Nyaya nene nikaziogopa. Nikachagua ule mwembamba. Nikasema, huu mdogo hivi, hauwezi kumdhuru mtu. Nikauchomoa, nikaufunga ncha asije akapapasa akapigwa na umeme."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ahangaike. Ahangaike mpaka achoke, kisha amwite Fyuzi, maana hakuna mwingine anayeijua. Kiburi kingewaisha. Wangeinamia mashine pamoja kama zamani, wangetukanana kidogo, nami ningewapelekea chai. Fyuzi akishaiona mikono ya mjomba wake kwa karibu, asingekubali kuitengeneza. Ndiyo hesabu yangu ilivyokuwa." Alitabasamu kidogo. "Sasa nipo jikoni, naisikia, imewaka! Nikajua mzee ameshauona waya, ameshaurudisha. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu mtu hashindiki. Bado nacheka, ndipo..."

"Mbona hukutuambia siku ile?"

"Niwaambie nini, mwanangu? Kwamba siku ya kufa kwake nilikuwa namhujumu, na hujuma yenyewe haikufanya kazi?"

Nje Sajini alijikohoza. Inspekta alifikiria ombi la Fyuzi. Angeweza kuinuka sasa hivi. Kijana alikwishakubali, Sajini angelala usingizi, na mama huyu angezeeka akiamini kwamba mumewe alimshinda akili siku ya mwisho. Alifikiria hivyo kwa muda ule ule tu unaotosha kujua kwamba hatafanya.

"Mama," alisema, "hakuurudisha."

"Nani?"

"Mzee. Hakuuona ule waya. Tumeukuta kama ulivyouacha."

"Lakini iliwaka. Niliisikia kwa masikio yangu."

"Waya ule hauwashi mashine. Kazi yake ni kukiambia kile kisanduku mota inakwenda mbio kiasi gani, ili kiizuie isizidi. Ukitoka, hakuna wa kuizuia. Inapanda mpaka mwisho."

Mjane alimtazama kama mtu anayesomewa lugha ya kigeni na kungoja sehemu atakayoielewa. Inspekta aliiona inafika. Haikuja kwa kelele. Kwanza mikono ilitulia, yote miwili, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Lile yowe," mjane alisema.

"Ndiyo."

"Ningeuacha, angekuwa hai?"

Inspekta alikuwa amewahoji wauaji, wezi na watu waliouza ndugu zao, na hakuwahi kupewa swali alilotamani zaidi kulijibu kwa uongo.

"Asubuhi ile, ndiyo," alisema. "Angekuwa hai."

Mjane aliinuka. Alikusanya pamba, akamwaga maji ya bakuli dirishani, akairudisha plasta na mkasi kabatini, akafunga kabati. Alisimama akiwa ameigeuzia sebule mgongo.

"Fyuzi anajua?"

"Alipoiona plasta, alijua. Amesema ni yeye."

"Amesema ni yeye," mjane alirudia. Alishika mlango wa kabati. "Na nyinyi mmemwamini?"

"Mimi hapana."

"Ngoja nichukue mtandio."

Hakulia ndani ya gari. Aliuliza mara moja tu kama mtoto amekula, na ilimchukua Sajini muda kuelewa kwamba mtoto ni Fyuzi.

Kituoni, Inspekta aliagiza kijana atolewe. Alitoka akipepesa macho kwa mwanga wa ukumbi, viatu vikimvuka bila kamba. Alipomwona mjane kwenye benchi alisimama ghafla, kisha akamgeukia Inspekta.

"Nilikuomba."

"Uliniomba," Inspekta alisema.

"Jambo moja tu. Nilikuomba jambo moja!"

"Usimfokee," mjane alisema. "Njoo hapa." Kijana hakwenda. Yeye ndiye aliyeinuka akamfuata, akamshika kidevu kama anayemkagua mgonjwa. "Ulitaka kufungwa."

"Ndiyo, mama."

"Ili mimi nilale usingizi."

"Ndiyo."

"Nami nikilala usiku nimwazie nani? Mjomba wako yuko chini ya udongo, na wewe niamini umemuua? Hicho ndicho kitanda ulichonitandikia?"

Fyuzi alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba kati ya yote aliyoyapanga selo, hilo hakulipanga. Akawa anamtazama tu, na uso wake ukaanza kukunjamana kama wa mtoto aliyeanguka na bado hajaamua kulia. Kisha akalia, kwa sauti, katikati ya ukumbi, mbele ya askari wa zamu na mwanamke aliyekuja kushtaki kuibiwa kuku. Mjane alimshikilia. Juu ya bega lake macho yalikuwa makavu, yakimtafuta Inspekta.

"Naandikwa nini?" aliuliza.

"Kuua bila kukusudia. Mimi nitaeleza yote kama yalivyo. Hakimu ndiye atakayepima."

Mjane alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeelezwa dawa na namna ya kuinywa. Alimsukuma kijana taratibu kutoka kifuani mwake, akamfuta uso kwa pindo la mtandio, akamwambia aende akachukue kamba zake za viatu azifunge asije akajikwaa.

Sajini alikuwa amesimama na funguo mkononi. Alimtazama Inspekta, akamtazama kijana, akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujua amshike nani mkono. Mjane hakumngoja ajue. Alishika njia ya ukumbi kuelekea kwenye milango ya chuma, akatangulia mwenyewe, na Sajini akamfuata nyuma kama mgeni anayeonyeshwa chumba.